Una siku moja au mbili Mtwara, uende wapi? Mikindani, Msimbati, Msangamkuu au uzunguke bandarini

Msimu wa korosho ukianza, mwezi wa kumi hivi, simu yangu haipumziki. Mtu kaja na lori, mwingine kaja kukagua maghala, mwingine kaletwa semina ya siku tatu Shangani hapa mjini, kazi imeisha Ijumaa na basi lake ni Jumapili alfajiri, ananipigia: "Kaka, huko kwenu kuna nini cha kutembelea zaidi ya bandari na simenti?" Nishalijibu hili swali mpaka mdomo umechoka, kwahiyo leo naandika yote sehemu moja, mtu akiniuliza namtumia hii na tumemalizana. Mimi sio mtembeza watalii wala sina kampuni, naishi tu hapa, nina ndugu wengi Dar na Tanga, kila anayekuja lazima nimzungushe, na makosa nishafanya ya kutosha, mengine kwa hela zangu mengine kwa hela zao.

Kwa mvivu wa kusoma jibu ni hili. Una nusu siku, panda pantoni uende Msangamkuu. Una siku moja na hutaki shida, Mikindani. Una siku nzima, una gari la maana na hela kidogo, Msimbati. Usijaribu kuchanganya Mikindani na Msimbati siku moja, watu wanajaribu kila siku na wanarudi wamenuna, nitaeleza kwanini.

Tuanze na hiyo bandari maana ndio kila mtu anaiulizia. Wageni wengi wanadhani unafika getini unakata tiketi unaingia kama makumbusho. Hakuna kitu kama hicho. Ni eneo la kazi, kuna walinzi, wanafunzi wanaingia kwa barua iliyotangulia, vikundi vya vyuo vivyohivyo, sasa wewe na mkeo na watoto watatu mkitokea Jumamosi na miwani ya jua mtaishia kulitazama geti. Kiwanda cha simenti cha Dangote kule Msijute ni hivyohivyo, kilizinduliwa 2015, uwezo wake tani milioni 3 kwa mwaka, ni dude kubwa kweli, ila utaliona vizuri tu ukiwa kwenye basi la kwenda Lindi, usiende makusudi. Na mitambo ya gesi ya Madimba ndio usifikirie kabisa, pita, tazama, simu iweke mfukoni. Kupiga picha geti la bandari, mitambo ya gesi au kambi ya jeshi ni kujitafutia maelezo marefu na weekend yako itaishia hapo.

Ila historia ya bandari yenyewe ni tamu na ukiijua utautazama mji kwa jicho lingine. Yani huu mji ulizaliwa kwa ajili ya karanga. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta ya kula, 1947 wakaanzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, Kongwa huko, Urambo, na huku kusini Nachingwea, wakaona watahitaji bandari yenye kina na reli ya kuzitoa, wakachagua hapa kwasababu maji ni marefu mpaka karibu na nchi kavu, meli kubwa inaingia bila wasiwasi. Bandari ikajengwa, reli ikatandikwa, mji ukapimwa na mabarabara mapana utadhani wanategemea watu wa Nairobi nzima watahamia. Karanga zikagoma. 1951 mpango umeshakufa, na mwanzoni mwa miaka ya 60 reli ikang'olewa, bandari ikabaki peke yake na barabara zake pana. Ndio maana ukitembea Mtwara mjini unaona nafasi nyingi kati ya jengo na jengo, mgeni anauliza mbona mji umetawanyika hivi, jibu ni karanga ambazo hazikutoka. Siku hizi kinachotoka ni korosho ghafi kwenda India na Vietnam, simenti, na makaa ya mawe yanayoletwa na malori kutoka mkoa wa Ruvuma, haya ndio yameleta pilika kweli na vumbi jeusi pia.

Sasa ukitaka kuiona bandari bila barua wala kuombana na mtu, ziara ya bandari ni pantoni. Hili watu hawaambiwi. Nenda Shangani mpaka feri, panda kivuko kinachovuka kwenda Msangamkuu, MV Mafanikio ndio jina ambalo watu wamelizoea, nauli ya mtembea kwa miguu ni chenji tu, utavuka na akina mama wenye ndoo za samaki, bodaboda, magunia, mbuzi akiwepo na yeye anavuka. Ule mlango mnaouvuka ndio mlango ambao meli zote zinapita kuingia bandarini, hakuna mwingine. Ukigeukia upande wa ndani ya ghuba unaona kreni na meli zilizofunga, ukigeukia nje ni bahari ya Hindi mpaka macho yachoke.

Mara ya mwisho nilikuwa na mpwa wangu wa miaka tisa, tumefika feri tukaambiwa subirini kuna meli inaingia. Ikaja polepole, kitu kama jengo la ghorofa linatembea, mbele kuna tagi dogo, lile boti la kuvuta meli, linahangaika, wavuvi kwenye mitumbwi hata hawageuki wameshazoea. Mtoto akaniuliza mbona hii meli imepakwa rangi nyekundu chini na nyeusi juu. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa juu ya tenga akamjibu kabla yangu: "Ukiona nyekundu nyingi hivyo mjukuu wangu ujue tumbo tupu, imekuja kubeba. Ikitoka hiyo rangi huioni, imezama." Siku tatu baadae tumerudi ufukweni jioni meli ileile inatoka, na kweli, mstari mwekundu ulikuwa umebaki kama upana wa kanga iliyokunjwa. Mpwa wangu mpaka leo akiona meli kwenye tivii anaangalia rangi ya chini kwanza. Ziara gani ya bandari ingemfundisha hivyo?

Ng'ambo yenyewe Msangamkuu ni kijiji cha wavuvi, kuna ufukwe mzuri, minazi, mchanga mweupe, siku za kawaida kumetulia kabisa na sikukuu za mwisho wa mwaka kunajaa hatari, muziki mkubwa, pilau, kila mtu kahamia. Huduma ni chache kwahiyo maji ya kunywa beba, na kitu kimoja muhimu kuliko vyote: ukishuka tu muulize mtu wa pantoni, safari ya mwisho kurudi ni saa ngapi, usimuulize mtu mwingine, muulize wa pantoni. Mimi nimeshalala ng'ambo mara moja kwa kuamini jibu la muuza mihogo. Sio mbaya, nililala vizuri tu kwa wenyeji, ila mke wangu alikuwa na maoni tofauti.

Haya, sasa ugomvi wenyewe, Mikindani na Msimbati. Hapa ndio familia zinagawanyika.

Mikindani iko kama kilomita 10 kutoka mjini, kwenye barabara ya Lindi, lami mpaka mlangoni. Daladala zipo, bajaji itakupeleka, hata ukiamka saa nne umechelewa bado siku yako haijaharibika. Huu ndio mji wenyewe wa zamani, Mtwara ni mtoto wa juzi. Majahazi yalikuwa yanaingia hapa karne na karne, pembe za ndovu na watumwa wakatoka hapa, na mwaka 1866 David Livingstone alishukia hapahapa kuanza safari yake ya mwisho, ile ambayo hakurudi akiwa hai, akafia Zambia ya sasa 1873. Kinachonichekesha kwenye ile safari ni kwamba alikuja na ngamia na nyati waliotolewa India, alitaka kujaribu kama watahimili mbung'o. Hebu fikiria watu wa Mikindani wamekaa barazani kwao wanaona mzungu anashusha ngamia. Kuna nyumba yenye mlango wa nakshi na kibao cha jina lake, utaonyeshwa tu, kama alilala ndani ya kuta zilezile au la watu wanabishana mpaka kesho, wewe piga picha.

Kitu kikubwa pale ni Boma, ngome ya Wajerumani ya 1895, nyeupe, iko kwenye mwinuko inaitazama ghuba. Lilikuwa limechakaa kabisa, baadae shirika moja la hisani la Uingereza likalikarabati na kuligeuza hoteli, kwahiyo unaweza ukaingia, ukanywa kitu, ukapanda mnarani. Ushauri wangu, usile pale kama bajeti ni ndogo, agiza soda moja baridi, kaa kwenye kivuli nusu saa, panda juu utazame, shuka. Kule juu ndio utaelewa kwanini majahazi yalipenda hapa: ghuba ni ya duara kabisa kama bakuli, mdomo mwembamba, upepo wa kusi uvume utakavyo ndani maji yametulia. Chini ya Boma kuna jengo wanaliita soko la watumwa, na mitaa ya nyuma ndio penyewe, nyumba za mawe ya matumbawe zimepasuka na mtini umeota ndani ya ukuta, mlango wa nakshi una kufuli la Kichina, mama kaanika dagaa kwenye baraza ambayo zamani walikaa wafanyabiashara. Usikimbie. Watu wanaenda Boma, wanapiga selfi, wanaondoka dakika arobaini alafu wanasema Mikindani hakuna kitu, wakati kitu chenyewe wamekipita na bajaji.

Vijana wa kukuzungusha wapo, wanajua historia vizuri wengine, ila elewaneni bei kabla hamjapiga hatua ya kwanza, baada ya kutembea bei inakuwa na hisia ndani yake.

Udhaifu wa Mikindani ni mmoja na ni mkubwa, sio sehemu ya kuogelea. Maji yakipwa ile ghuba inabaki tope na mikoko, kaa wanakimbia huku na huku, ni pazuri kupatazama ila mtoto aliyeahidiwa bichi atalia. Nimeshuhudia familia imekuja na mataulo na maboya Mikindani, yani wamejipanga kabisa. Ukitaka kuoga baharini na bado hutaki kwenda mbali basi rudi Shangani tu mjini, maji yakijaa panaogeka vizuri na jioni unapata pweza na samaki wa kukaanga.

Msimbati sasa. Huku ndio kuna ule ufukwe wa kwenye kalenda. Iko upande wa pili, kusini-mashariki kuelekea mdomo wa mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji, kama kilomita 45 hivi, na hizi kilomita usizipigie hesabu ya lami, zina mchanga ndani yake. Ni ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, kwahiyo kuna kiingilio, Mtanzania analipa shilingi na mgeni wa nje ni bei nyingine kabisa, kama unaenda na mzungu mwambie mapema asije akashangaa getini akadhani umempiga. Ukifika unaona mchanga mweupe umenyooka, mivinje na minazi, maji yana rangi tatu tofauti kabla hujafika kwenye bluu nzito, na ile bluu nzito iko karibu na pwani kuliko unavyodhani maana sakafu inakatika ghafla inaenda chini. Ndio maana wazamiaji wanapapenda, na ndio maana mtoto asiyejua kuogelea usimuache mbali na wewe hata kidogo. Kati ya mwezi wa saba na wa kumi nyangumi wanapita huku na watoto wao, ukibahatika unawaona wanapuliza maji kwa mbali hata bila kupanda boti. Wakati wa kaskazi, kuanzia mwezi wa kumi na moja kwenda mbele, maji yanatulia na kuwa meupe zaidi, matumbawe yanaonekana vizuri. Kwahiyo unaona hata ndani ya Msimbati yenyewe lazima uchague, nyangumi au matumbawe, vyote kwa pamoja ni bahati.

Na njiani unapita Madimba kwenye gesi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, ikakaa chini miaka na miaka, alafu bomba la kwenda Dar likakamilika 2015 baada ya vurugu za 2013 za kupinga gesi kupelekwa Dar, ambazo kila mtu wa hapa anazikumbuka. Hiyo mada ukiigusa kwenye kijiwe cha kahawa Magomeni ya hapa Mtwara basi agiza na kashata, hutoki leo.

Kichekesho cha Msimbati ambacho hata wenyeji wengi hawakijui, mwishoni mwa miaka ya 50 kuna Mwingereza mmoja alikuwa anaishi kule, Latham Leslie-Moore, akajitangaza sultani na Msimbati yake kuwa nchi huru, bendera na kila kitu. Hakuna aliyemtambua, ila mimi nikikaa kwenye ule mchanga jioni namuelewa kidogo yule mzee.

Sasa makosa yangu. Kuna mwaka nilimpeleka binamu yangu na wenzake wawili, tukachukua Noah ya kukodi, mwenye gari akasema inafika bila shida. Inafika, ndio. Kurudi ndio shida. Tulisogea nayo mpaka kwenye mchanga laini ili kivuli kitufikie, tukaogelea, tukala, saa kumi tunawasha gari linachimba tu, kila ukikanyaga mafuta linazama, na mimi niliangalia bahari nikaona mstari wa maji haupo pale ulipokuwa mchana. Akatokea mzee mmoja mvuvi, kabeba nyavu begani, tukamuamkia shikamoo, akaitika marahaba huku anatazama matairi sio sisi. Akasema, "Mmeleta gari la lami kwenye mchanga, na leo bamvua." Kwa wasiojua, bamvua ni zile siku za mwezi mpya na mwezi mpevu, maji yanajaa kuliko kawaida na kupwa kuliko kawaida, kwahiyo pale ulipopaki kwa amani siku nyingine, siku ya bamvua ni mali ya samaki. Binamu yangu anauliza tupige simu wapi, mzee anacheka. "Simu ya nini mwanangu, toeni upepo kwenye matairi, nusu, na nyie wengine nileteeni makuti." Tukatandika makuti chini ya matairi, vijana wa kijijini wakaja sita, moja mbili tatu, gari likatoka, maji yalikuwa yamebakiza kama hatua kumi. Alafu tukatembea na matairi nusu upepo mpaka tulipopata pampu ya baiskeli, ndio, ya baiskeli, tulipokezana kupampu kama saa nzima. Tulifika mjini saa nne usiku na hakuna aliyekuwa anaongea na mwenzake.

Kwahiyo Msimbati nasema: gari lenye uwezo, pampu, maji ya kunywa, chakula au angalau mpango wa chakula, na uangalie mwezi. Usicheke, angalia mwezi. Au muulize mvuvi yoyote feri Shangani kesho maji yanajaa saa ngapi, atakwambia kwa kichwa bila programu ya simu. Bodaboda pia wanaenda na kwa mtu mmoja ni nafuu kuliko kukodi gari, ila mgongo wako ndio utalipa tofauti. Beba na kitambulisho, huku ni mpakani, tangu mapigano ya Cabo Delgado kule Msumbiji na shambulio la kijiji cha Kitaya huku kwetu 2020 vyombo vya usalama viko macho, ukiulizwa unatoka wapi unajibu vizuri unaendelea na safari yako, hakuna noma.

Ukiziweka pamoja hizi mbili basi kwa hela Mikindani inashinda kwa mbali sana, yani hela ya kukodi gari moja ya Msimbati unaenda Mikindani mwezi mzima kwa daladala. Kwa uzuri wa macho Msimbati haina mpinzani huku kusini mimi nasema, labda mtu wa Kilwa anibishie. Mzee au mama mjamzito, Mikindani, ile barabara ya mchanga usimfanyie hivyo mtu. Watoto wadogo nao ningewapeleka Msangamkuu kuliko zote mbili, wanapata pantoni, meli na bichi kwa siku moja na mkichoka kitanda hakiko mbali. Wapenzi wapya Msimbati, ila hakikisha penzi limekomaa kiasi cha kuhimili pampu ya baiskeli. Mtu wa historia usimpotezee muda kwenye mchanga, atakaa chini ya mvinje anakuuliza Livingstone alipita wapi.

Kuhusu kuchanganya zote mbili siku moja, tatizo ni kwamba moja iko magharibi ya mji nyingine kusini-mashariki, Mikindani inataka utembee taratibu kabla jua halijawa kali, na Msimbati inataka uondoke asubuhi hiyohiyo ili urudi kabla giza halijakukuta mchangani. Zote zinagombania asubuhi ileile moja. Kilichopo ukifika Msimbati saa nane unakaa saa moja na nusu unaangalia saa tu.

Kuna vitu viwili vidogo vya mjini ambavyo huwa naviongeza kama mtu ana saa moja ya kupoteza. Cha kwanza ni kanisa la Mtakatifu Paulo pale Majengo. Kwa nje ni kanisa kama makanisa mengine, wala huwezi kusimama, ila ndani kuta zimechorwa hadithi za Biblia kuanzia mbele mpaka pembeni, rangi kali, sura kubwa, kazi ya padri Mjerumani Polycarp Uehlein miaka ya 70. Mimi ni Muislamu na nimepeleka wageni pale mara nyingi kuliko baadhi ya waumini nadhani. Nenda wakati hakuna ibada, omba ruhusa kwa utaratibu, vaa nguo ya heshima, bure kabisa. Cha pili ni chakula, tafuta ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini vyembamba vinauzwa na kina mama kwenye vifungu, unakula na chumvi na pilipili, haupati Dar kirahisi. Wakati wa mabibo kuna uraka, kinywaji cha mabibo chenye utamu wa kudanganya, kionje ukipenda, ila nipa, ile pombe kali ya mabibo, waachie wenyewe, una safari kesho.

Newala na Shimo la Mungu wengi wananiuliza. Ni pazuri, unasimama ukingoni mwa uwanda wa Makonde unaona bonde la Ruvuma lote chini na Msumbiji ng'ambo, ukungu wa asubuhi unakuwa chini ya miguu yako. Ila ni kama kilomita 140 kutoka mjini na hiyo sio safari ya mchana wa semina, lala huko, au pitia ukiwa unaelekea Masasi. Tendaguru kule Lindi nako, walikochimbwa wale madainosa kati ya 1909 na 1913, nawaambia watu ukweli: lile jitu lenyewe liko Berlin kwenye makumbusho, limesimama zaidi ya mita 13, hapa limebaki pori na shimo na hadithi. Kama wewe sio mtaalamu wa miamba, nenda Mikindani.

Kuhusu kufika, kutoka Dar ni kama kilomita 560, basi la alfajiri linakuingiza jioni, ndege pia zipo kwa mwenye nazo. Watu wazima wanakumbuka kabla ya Daraja la Mkapa pale Rufiji kufunguliwa 2003, masika mtu anaaga nyumbani kama anaenda Hija. Na bado masika usijiamini sana, Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita barabara ilikatika maeneo ya Somanga na abiria wakakwama siku kadhaa, kwahiyo mwezi wa nne na wa tano acha nafasi kwenye ratiba na uulize madereva kabla hujakata tiketi.

Mwisho korosho, maana najua utaniuliza. Usinunue siku unayofika. Uliza bei sehemu mbili tatu, onja, ikiwa ya zamani ina ladha ya mafuta yaliyolala utaijua tu, chagua nzima zisizo na vipande vingi, alafu nunua jioni ya mwisho baada ya kufunga begi. Waliowahi kununua Ijumaa wakaziweka chumbani wanajua nini kilitokea mpaka Jumapili, na waliosema watafungua mfuko mmoja tu ndani ya basi, Kibiti wameshafika na maganda ya nailoni.